Majibu Ni Chanya

Wapendwa, palikuwa na dada mmoja, kazi yake kupima maji. Si kwa macho kama sisi, kwa vichupa na dawa. Akapima kisima kipya ambacho Jumatatu kingefunguliwa bomba liende shule ya msingi. Akapima mara tatu. Zote tatu, jibu lile lile.

Akaitwa barazani aseme. Karatasi imelowa jasho. Akasoma bila kuinua macho: "Mheshimiwa Mwenyekiti, sampuli zote tatu, majibu ni chanya." Akaketi.

Wakampigia makofi.

Mzee mmoja akamwambia mwenziwe, "Nilikwambia maji yale matamu."

"Wewe kila cha bure kwako kitamu."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Haya, wanaokubali bomba lifunguliwe wanyooshe mikono."

Ndipo dada akaelewa. Kule kwenye vichupa, chanya ni uchafu umeonekana. Huku barazani, chanya ni jambo jema. Ainuke? Mtaalamu husema akiulizwa, na nani amemwuliza? Mikono inapanda, miwili, mitano, tisa.

Mama aliyekuwa akigawa chai akamwona anavyosokota ncha ya kitambaa. Akamwinamia.

"Mwanangu, una nini? Maji hayo wewe utayanywa?"

"Mama, hata mbuzi wangu simpi. Yana kinyesi. Choo cha soko kinavujia mle."

"Sasa si useme hivyo hivyo ulivyoniambia mimi?"

"Sijapewa nafasi."

"Na watoto wamepewa?"

Dada akainuka. "Mheshimiwa, nisamehe. Chanya niliyoisema ni kinyesi. Kimo kisimani."

Mikono ikashuka, na hakuna aliyetaka wake uwe wa mwisho kushuka.

Niambieni, wapendwa, mara ya kwanza yule dada alisema uongo? Alisema kweli, tena kaiandika. Na kweli ile ile ilikuwa inakwenda kuwalaza watoto na homa ya matumbo, sisi tukishangilia.

Wataalamu hawa ni watoto wetu, tuliuza kuku wakasome. Wakirudi na maneno mazito tunawapigia makofi, tunadhani ndiyo heshima. Heshima gani hiyo ya kumwacha mtu na mzigo mdomoni? Mshike mkono, mwulize kama wewe mama yake. Nanyi mliosoma, mkishasema msikimbilie kuketi. Tazameni kwanza mikono inakwenda wapi.

Juzi hapa alikuja yule bwana anayepima udongo wa mlimani kwetu. Alisema sana, tukampigia makofi sana. Tangu siku hiyo nauliza nyumba kwa nyumba, alisema nini? Hakuna anayejua. Na mawingu ya mvua mmeyaona, na mlima uko juu ya nyumba zetu.

Tukitoka hapa, kabla ya chakula, twendeni tukamwulize.