Mtoma wa Mpakani

Mvua mti ndiye mvika mti. Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia Deodati alipomkuta ameifungua baiskeli ya baba yake, mnyororo huku, gurudumu kule, naye mwenyewe amekwenda kunywa chai. Nanyi mkacheka, mkauliza mvua na baiskeli wapi na wapi. Wajukuu zangu, mvua hii siyo ile inyeshayo. Ni mtu. Ni yule avuaye. Msemo huu una mahali ulipozaliwa na mama aliyeuzaa, nami nitawaeleza ilivyokuwa, ila Deodati akae hapa mbele nimwone.

Zamani, kabla vitambaa vya pamba havijafika kwa wingi huku kwetu Buhaya, watu walivaa magome. Msikunje nyuso. Gome la mti uitwao mtoma likivuliwa vizuri, likalowekwa na kupigwa kwa nyundo ya mti, hutanuka likawa nguo laini yenye rangi ya udongo wa njiani. Kila kibanja, yaani shamba la nyumbani, kilikuwa na mitoma yake. Chini palikuwa na maharage, juu ya maharage mibuni, juu ya mibuni migomba, na juu ya yote mitoma imetandaza kivuli. Mgeni aliyetokea upande wa malisho alidhani anauona msitu, na akiingia ndani alikuta ni shamba la watu. Hapakuwa na mti uliojiotea. Kila mmoja kuna mtu aliyekata kigingi, akakichomeka ardhini, akakikinga na mbuzi, akakingoja mpaka kikawa mti.

Na mti huo una jambo lake. Ukiuvua gome haufi. Huotesha jingine, na la pili huwa laini kuliko la kwanza, na la tatu laini kuliko la pili. Lakini kwa sharti. Ukishauvua, uufunike papo hapo kwa majani mabichi ya migomba, uufunge kwa kamba, uuache hivyo mpaka ngozi changa ishike. Ukiuacha uchi juani, utomvu wake hukauka, na pale palipokauka gome halirudi tena.

Basi katika kijiji cha Kabuyora alikuwako mama mmoja aitwaye Kokugonza. Siku alipoletwa kuolewa, mumewe Rweikiza alichomeka kigingi cha mtoma nyuma ya nyumba, na mti ulipokua, nguo zote alizovaa Kokugonza zilitoka kwake. Rweikiza aliuvua mwenyewe, akauvika mwenyewe. Hakuna aliyemwuliza kwa nini, maana hata kuku haulizwi kwa nini anaatamia. Kokugonza aliupenda mti ule kwa namna ya watu wasiosema sana. Alikuwa na ombi moja tu, akilirudia mpaka watoto wakalichoka: "Siku yangu ikifika, nifungeni kwa gome la mti huu. Sitaki kwenda kaburini na nguo ya kuazima."

Rweikiza akatangulia. Wazee wa ukoo wakaja kuwagawia kibanja wanawe wawili, Kaizilege mkubwa na Mutashobya mdogo. Wakavuta kamba, wakapanda mimea ya mpaka, na kamba ilipofika nyuma ya nyumba ikagonga mtoma katikati. Mzee Rutaihwa, aliyekuwa mkubwa wa wagawaji, akakuna kidevu, akasema, "Gome la mwaka huu ni la Kaizilege. La mwaka ujao ni la Mutashobya. Mtapokezana hivyo." Kila mtu akaona ni haki. Wakanywa pombe ya ndizi, wakaenda zao. Walisema nani atauvua mti. Nani atauvika hawakusema, kwa kuwa hakuna aliyedhani ni jambo la kusemwa.

Hao ndugu hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wajuaji, na wajuaji wawili katika kibanja kimoja ni kazi kwa mama yao.

Masika yalipofika, asubuhi moja Kaizilege akaenda kwenye mtoma na kisu chake na kabari ya mgomba ya kubandulia gome. Kokugonza alikuwa mlangoni anamenya ndizi za mchana. Alisikia kisu kikizunguka shina juu, kikizunguka chini, kisha ule mlio mrefu wa gome linalobanduka. Akatabasamu peke yake. Sasa akawa anangoja mlio unaofuata, wa majani ya migomba yanayokatwa. Ndizi ya kwanza ikaisha kumenywa, na ya pili. Hakusikia majani. Alisikia sauti za wanawe.

"Njoo uuvike mti wako," Kaizilege alikuwa akisema.

"Mti wangu tangu lini?" Mutashobya akajibu. "Leo ni zamu yako."

"Zamu yangu ni gome, nami nimeshalipata. Hili hapa begani. Gome linaloota sasa ni la mwaka ujao, na mwaka ujao ni wako. Nifunike mali yako kwa majani yangu?"

"Loo! Umchinje mbuzi, kisha uniite mimi nifagie damu?"

"Si damu, ni mbegu yako ile. Usipoitunza, shauri yako."

Msidhani ni maneno ya kipumbavu. Kila mmoja alikuwa na hoja, na hapo ndipo ugomvi unaponoga. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakuna kati yao aliyelitaja. Migomba ya wote wawili ilikuwa imebeba, na mgomba uliobeba ukiukata majani mabichi, mkungu wake hudumaa. Kila mmoja alikuwa akiihurumia mikungu yake.

Kokugonza akaweka kisu chini, akaenda. Watu wawili watatu walikuwa wameshajikusanya, na Mzee Rutaihwa mwenyewe alikuwa akipita kwenda kwa jirani, akasimama. Mtoma ulikuwa umesimama katikati yao, mweupe, unang'aa maji. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya migomba. Kokugonza akaweka kiganja kwenye shina. Alijua linavyopaswa kuwa, telezi kama samaki aliyetoka ziwani. Sasa lilimnata vidoleni. Aliona mti unakufa mbele ya macho yake, na nguo yake ya mwisho inakwenda nao.

"Kaizilege, mwanangu," akasema kwa upole, "ufunike kwanza. Mtagombana baadaye."

"Mama, nikifunika leo nimekubali. Kila mwaka itakuwa kazi yangu. Hili ni suala la haki."

"Mutashobya?"

"Mama, niuguze kidonda nisichokitia mimi?"

Akamgeukia Mzee Rutaihwa. "Wewe ndiye uliyegawa. Sema basi."

Rutaihwa akakuna kidevu. "Itabidi wazee tukae," akasema. "Labda keshokutwa."

"Keshokutwa mtakalia kuni," akasema Kokugonza.

Kisha akapeleka mkono begani, akafungua fundo la nguo yake ya juu, ile ya gome ambayo Rweikiza alimpigia wakati wa uzima wake. Akaivua. Akabaki na kipande cha ndani tu, mabega yake ya uzee wazi mbele za watu. Wanaume wakageuza nyuso. Kaizilege na Mutashobya wakajifunika macho kwa mikono, maana kumwona mama hivyo si jambo la kuliona ukalala usingizi. Yeye hakuwatazama. Akaizungushia mti nguo yake, akavuta, akainuka kwa vidole vya miguu mpaka mikono yake ilipofika, akafunga.

"Mama, vaa!" Kaizilege akapiga kelele, mgongo umemwelekea. "Unatuletea laana!"

"Laana ipi? Nimevua, na nilichokivua nimemvika mtu. Wewe umevua, umevika nini?"

Kaizilege akalishusha gome begani.

"Ulipokuwa mtoto nilikuvua kila jioni nikuogeshe. Ulikuwa mtoto wa matope wewe, wote hapa wanakumbuka. Je, niliwahi kukuacha uchi uani nikamwita jirani, nikamwambia, huyu kesho atakulimia wewe, basi njoo wewe umvike?"

Mtu mmoja nyuma akashindwa, akacheka. Kaizilege hakucheka. Mabega yalimshuka.

"Mvua mti ndiye mvika mti," akasema Kokugonza. "Mwaka huu wewe. Mwaka ujao mwenzako. Hilo halihitaji wazee wa kukaa."

Rutaihwa, aliyekuwa bado anatazama migomba, akasema haraka haraka, "Waitu, ndivyo ilivyo." Watu wa kwetu wakisema waitu, wamekubali kwa heshima yote.

Kaizilege alikimbia. Alikata majani katika migomba yake mwenyewe, ile iliyobeba, bila kuchagua, akapanda mtini akafunika kuanzia juu mpaka chini, juu ya ile nguo ya mama yake, akafunga kamba mpaka mikono ikamchubuka. Mkewe akamletea Kokugonza kitu cha kujifunika. Na ile nguo iliyobaki chini ya majani Kokugonza hakuitaka tena. Alisema mtu hamnyang'anyi mgonjwa nguo.

Sasa, Kaizilege lile gome alikuwa amelivua kwa sababu zake. Alialikwa ukweni kwenye sherehe, akataka aende na nguo mpya, ing'ae, shemeji zake wajue amerithi. Alilipiga siku mbili, likatoka zuri kuliko yote ya zamani. Akalikunja, akalipeleka mlangoni kwa mama yake, akaliweka magotini pake. Kokugonza akalifungua, akalipima kwa kiganja, akasema, "Limepigwa vizuri." Ukweni Kaizilege alikwenda na nguo yake kuukuu yenye viraka, nao wakamcheka mpaka wakachoka.

Majani yalipofunguliwa, wote walikwenda kuona. Pale nguo ya Kokugonza ilipofika, ngozi changa ilikuwa imeshika, laini kabisa. Juu, pale mikono yake isipofika, palikuwa pamekauka, pana upana wa ungo. Pale gome halikurudi milele. Mwaka uliofuata Mutashobya alipouvua mti, gome lake lilitoka na tundu, akalazimika kulishona kiraka. Na kabla hajautia kisu alikuwa ameshalundika majani chini ya shina, mabichi, mengi kupita kiasi. Kabuyora nzima ikashika desturi hiyo, majani kwanza, kisu baadaye. Msemo nao ukatoka mpakani ukaingia nyumbani. Aliyemkaripia mtoto wa mwenzake mbele ya watu aliambiwa hivyo, na aliyefungua mzinga pia. Na sasa baiskeli, Deodati, usitazame pembeni.

Miaka ikapita, zikapokezana zamu. Kokugonza akafariki wakati wa masika, usiku wa kuamkia siku ya mvua nyepesi. Zamu ilikuwa ya Kaizilege. Kulipopambazuka, yeye aliyekuwa ameapa kuipiga nguo ya maziko ya mama yake kwa mkono wake, maana ile aliyompa zamani ilishachakaa, akachukua kisu akaenda mpakani. Nyuma yake uani wanawake walikuwa wanalia, ndugu wa mbali wanaingia. Gome likabanduka na tundu lake juu, kama siku zote. Wanaume wakamletea nyundo, wakamwambia, "Anza kupiga, muda unakwenda, marehemu hana nguo."

Kaizilege akaliweka gome chini, hakuishika nyundo. Alikuwa anageuka kwenda kukata majani alipomwona Mutashobya anakuja kutoka upande wake, mzigo wa majani mabichi kichwani, yamekatwa katika migomba iliyobeba. Hakuwa ameitwa. Akautua, akaanza kumpokeza ndugu yake moja moja. Kaizilege akafunika kuanzia juu, akafunga, akashuka kidogo, akafunga, machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

Mzee Rutaihwa, aliyekuwa sasa anatembelea mkongojo, akatumwa kuwaita. Akawakuta.

"Enyi watoto," akasema, "mama yenu amelala bila nguo, nanyi mnavika mti?"

"Mvua mti ndiye mvika mti, mzee," Kaizilege akajibu. Akafunga fundo, akanyoosha mkono kupokea jani jingine.

Rutaihwa akatazama tundu la gome lililolazwa chini, upana wa ungo. Akarudi uani polepole, akawaambia watu wakae. Wakakaa wote, na Kokugonza naye akangoja nguo yake.