Injini Hununuliwa Mteremkoni

Injini hununuliwa mteremkoni. Mmeisikia leo barazani, mzee mmoja alipomkatiza mshenga katikati ya sifa za mposaji, nanyi vijana mkaziba midomo msicheke mbele ya wageni. Wageni wameondoka, sasa chekeni. Mkimaliza kucheka mtege masikio, maana methali hii haikutoka kwa wahenga wa zama za kale. Ilizaliwa hapa hapa Mkomavi, kwenye milima yetu ya Upare, na mwenye kuizaa alikuwa dereva mmoja aliyeitwa Kajiru.

Kajiru alikuwa na gari moja, na Mkomavi nzima ilikuwa na gari hilo hilo. Lilikuwa landrova kuukuu ambayo aliiunda upya kwa mikono yake mwenyewe, akaifungia springi za lori, matairi yenye meno marefu na bodi ya mbao nyuma. Watu waliliita Mkwezi. Lilishusha tangawizi na wagonjwa, likapandisha chumvi, sukari na wageni. Njia yetu mnaijua ilivyo leo. Siku zile ilikuwa mbaya zaidi, hasa pale Kipingo, ukuta huku na korongo kule, na udongo mwekundu unaoteleza hata kwa umande.

Watu wa Mkomavi walikuwa na tabia moja ambayo mpaka leo haijawatoka. Gari likishuka, hakuna aliyeinua shingo. Likipanda, walitupa majembe wakajaa kwenye kingo za Kipingo, wakipiga vigelegele na kumwita dereva kwa majina ya sifa. Dereva aliyepanda Kipingo bila kusita aliheshimiwa kuliko mwenyekiti wa kijiji. Kajiru naye alikuwa binadamu, na shangwe zile zilimwingia damuni.

Basi mwaka mmoja, mwishoni mwa kiangazi, injini ya Mkwezi ikapasuka. Haikuwa ya kuziba wala kuchomelea. Ilikuwa imekwisha. Gari likakaa uani kuku wakalitagia.

Jambo hilo lingekuwa hasara ya tangawizi tu kama si Namsifu, binti yake wa pekee, aliyekuwa na mimba ya kwanza. Mvua za vuli zilikuwa njiani, na mtoto naye alikuwa njiani. Bila gari, mzazi mwenye shida huko kwetu alishushwa kwa machela, wanaume wakipokezana mabegani kutwa nzima. Mwaka uliotangulia walimshusha jirani yao kwa namna hiyo, na walipofika chini walikuwa wamebeba maiti. Kajiru alikuwa mmoja wa wabebaji. Tangu hapo, kila alipomwona Namsifu akishika kiuno, aliiona machela ile.

Akalifunga gari nyuma ya trekta, likakokotwa mpaka mjini, kwenye gereji ya fundi mmoja aliyeitwa Mbelwa. Huyu fundi alikuwa na maneno mengi lakini hakuwa mwongo. Akamwonyesha magari mawili mabovu ambayo injini zake zilikuwa bado nzima.

La kwanza lilikuwa gari la kifahari lililogongwa ubavu, lenye injini ya petroli ya pistoni nane na gia za otomatiki. La pili lilikuwa pikapu ya shamba la mkonge lililofungwa, kutu tupu, lenye injini ya dizeli ya pistoni nne na gia za mkono. Injini na gia zake viliuzwa pamoja, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine.

"Jaribu zote," Mbelwa akasema. "Mimi simuozi mtu mke ambaye hajamwona."

Nyuma ya gereji palikuwa na kilima kilichochongwa njia ya malori ya kokoto, chenye mwinuko mkali hasa. Kajiru akaanza na ile ya pistoni nane. Aligusa mafuta tu, ikanguruma hata akina mama wa sokoni wakageuka. Ikapanda kilima kile kana kwamba ni uwanja wa mpira. Kisha akaipandisha dizeli. Ikatoa moshi, ikagonga kama mashine ya kusaga mahindi, ikafika juu, lakini polepole mno, mbwa wa gereji akiongoza njia.

Kajiru hakuhitaji kushauriwa. Tayari alikuwa ameshafika Kipingo kichwani mwake, anasikia vigelegele. Akamnyooshea Mbelwa mkono wa makubaliano.

Wakati huo Namsifu alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu kivulini, amevua ndara, miguu imevimba. Alikuwa ameteremka mlima kwa miguu na wanawake wa tangawizi ili aende kliniki, akapita gereji kupumzika. Alikuwa ameyatazama majaribio yote.

"Baba," akaita. "Shikamoo kwanza, maana tangu nifike hujaniona."

"Marahaba, mwanangu. Umeiona ile? Umeona ilivyopanda?"

"Nimeiona. Hongera yake. Lakini mimi nikienda hospitali napanda au nashuka?"

Kajiru akabaki na mkono hewani.

"Unashuka," akasema.

"Na tangawizi?"

"Inashuka."

"Na yule jirani yetu tuliyemzika, alikuwa anapanda?"

"Namsifu, mambo ya injini..."

"Siyajui, Baba. Najua mnavyonunua punda. Babu alikuwa hamtazami punda akipanda. Alimpakia mzigo akamshusha bondeni, akisema punda yeyote atapanda kwa fimbo, ila kushuka na mzigo bila kumwaga ni kwa punda mwenye goti. Punda mmempima hivyo miaka yote. Hiki cha kunibeba mimi mnakipima kwa mngurumo?"

Mbelwa akacheka mpaka akashika mbavu. "Mzee, huyu umemsomesha wapi? Haya, tupakie mchanga tushuke. Kama ni kupoteza muda, tupoteze wote."

Wakapakia viroba vya mchanga mpaka gari la kifahari likalalia matairi yake, Kajiru akashika usukani, Mbelwa akakaa pembeni yake, wakaanza kushuka. Mwanzoni lilikwenda vizuri. Kajiru akaweka gia ndogo akingoja injini ilishike gari, kama dereva wa milimani alivyozoea. Halikushikwa na kitu. Mzigo ulikuwa unasukuma, na gia zile laini zinauachia. Akakanyaga breki, likapungua, akaachia, likakimbia zaidi. Nusu ya njia breki zikaanza kunuka kama pembe iliyotiwa motoni. Kisha pedali ikazama mpaka chini, mguu wa Kajiru haukukuta kitu.

"Limekataa!" akasema.

"Kokoto! Elekeza kwenye kokoto!" Mbelwa akapiga kelele, na ni maneno machache kuliko yote aliyowahi kusema maishani mwake.

Kajiru akakata usukani, gari likajikita kwenye lundo la kokoto chini ya kilima mpaka vumbi likawafunika. Lilipotulia walikuwa wazima, Mbelwa amekumbatia kiroba kimoja cha mchanga na hajui kilimfikiaje. Kajiru alishuka. Alimwona Namsifu anakuja mbio, mikono imeshika tumbo, na kilichomtisha hakikuwa yale yaliyompata. Kichwani mwake alikiona kiti cha nyuma, akamwona Namsifu amelazwa pale, na mahali pa kokoto akaliona korongo la Kipingo. Akachuchumaa akafunika uso.

Alasiri viroba vile vile vikahamishiwa kwenye pikapu. Kajiru akaweka gia ya kwanza, akaondoa mguu kwenye breki na kuuacha hewani. Dizeli ikalalamika, ikakoroma, ikalishika gari kwa mwendo wa mtu anayetembea, tangu juu hadi chini, haikuongeza wala kupunguza. Alipofika chini alishuka akazigusa breki kwa kiganja. Zilikuwa baridi.

"Nifungie hii," akasema.

Injini ikafungwa, na siku ya kupanda ikafika. Habari ilitangulia kwamba Mkwezi ana moyo mpya, hivyo Kipingo ilijaa watu kuliko sikukuu. Masikini Kajiru! Gari likatokea chini huko likigonga na kutoa moshi, likapanda kwa mwendo wa kobe. Wengine hawakungoja lifike, wakaokota majembe yao. Senzia, jirani wa Kajiru na mtani wake mkubwa, akatembea kando ya gari hatua kwa hatua huku akimpungia mkono dirishani.

"Jirani, tangulia, mimi nitakukuta!" akasema Kajiru akijikaza, watu wakacheka zaidi. Lakini iliuma. Wiki nzima watoto waliliita gari Mashine ya Unga, na yeye akajifanya hasikii.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja Namsifu akashikwa na uchungu, na mkunga alipompima akatoka nje akamwita Kajiru kando. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Namsifu alitakiwa kufikishwa hospitali, na sasa hivi.

Wakamlaza nyuma juu ya magodoro, mama yake na mkunga wakamshika huku na huku. Senzia akarukia kiti cha mbele na jembe lake, kama watakwama achimbe. Hakukuwa na utani siku hiyo. Mvua ilikuwa inamwagika na Kipingo inang'aa kama sabuni.

Pale juu Kajiru akasimamisha gari, akaweka gia ya kwanza, akaondoa mguu kwenye breki.

Senzia akauona mguu ule. "Kajiru! Kanyaga breki!"

"Nikikanyaga tutateleza. Acha ishike yenyewe."

"Ishike nini? Mama yangu wee!"

Injini ikaanza kukoroma. Gari likashuka pole pole, ukuta huku na korongo kule, matairi yakiuma udongo bila kufunga. Mahali pabaya zaidi, pale njia inapojikunja, Senzia alifumba macho akaanza kuwataja ndugu zake wote kwa majina. Alipofika kwa shangazi mdogo akasikia hatikiswi tena. Akafumbua. Walikuwa wamemaliza Kipingo.

"Baba," Namsifu akaita kutoka nyuma, sauti imekatika kwa maumivu, "tumepita?"

"Tumepita, mwanangu. Tumepita, mama."

Daktari aliwaambia wangechelewa kidogo tu angewapoteza wote wawili. Hawakuchelewa. Kabla ya adhuhuri muuguzi akatoka na kitoto cha kike kinachopiga kelele, akamuuliza nani babu yake. Kajiru akainua mkono tu kama mwanafunzi. Alilia bila kujificha, akicheka humo humo, na Senzia akalia naye, jembe bado liko begani.

Baadaye wakakaa ukutani nje, nguo zinawakaukia mwilini. Senzia alikuwa analitazama lile gari.

"Nimekucheka sana, ndugu yangu," akasema. "Ulijuaje? Wote tunatazama kupanda."

"Sikujua. Nilikuwa nimeshatoa mkono ninunue mngurumo. Huyu huyu aliyelala humo ndani ndiye aliyenishika." Kajiru akapangusa uso kwa kofia. "Kupanda, Senzia, hata ukishindwa unalala chini ya mlima, kesho unajaribu tena. Kushuka ndiko hakuna kurudia. Injini hununuliwa mteremkoni."

Senzia hakuwa mtu wa kutunza siri. Akaupandisha msemo huo mlimani kabla hata mtoto hajapewa jina, na watu wakaanza kuutumia kwa rafiki, kwa kiongozi, kwa mshirika wa biashara. Ndiyo maana leo, mshenga alipokuwa anahesabu mashamba na mabati ya mposaji, yule mzee alimkatiza. Hakuwa anauliza kijana amepanda mpaka wapi. Alikuwa anauliza siku mambo yatakapoteremka, naye binti yetu amebebwa humo, je, kijana huyo atashika? Nanyi mtakaokuja kuchagua, chagueni hivyo. Injini hununuliwa mteremkoni.