Hati ya Seredani

Hapo zamani, siku ya Jumanne, tarehe tatu ya mwezi wa Mfungo Nane, saa mbili na robo asubuhi, tanuu kubwa la chokaa la Sultani wa Mwambakuu lilipasuka. Sultani alikuwa na haraka ya kumaliza ukuta wa jumba lake, basi mawe yakatiwa tanuuni yakiwa mabichi, na matundu ya hewa yakazibwa ili moto usipotee. Mvuke ukakosa pa kutokea, ukajitafutia njia. Walikufa watu saba. Mmoja wao alikuwa Mize, mke wa Ngwali mwashi, aliyekuwa amewapelekea wachomaji uji.

Ngwali alikuwa fukara. Alikuwa na kanzu moja, nyundo moja, na ulimi ambao watu walisema ungetosha watu watatu. Lakini mwaka ule ulimi ulilala. Alimzika mkewe, akashika msikiti, akamwachia Mungu lililo la Mungu.

Sultani naye akaingiwa na hofu na majuto, akaamuru mbiu ipigwe: "Asiwashe mtu moto mpya wa kazi katika mji wetu, mkubwa wala mdogo, ila awe na hati yenye muhuri wetu wa lakiri." Ikaundwa ofisi ya kutoa hati hizo, Diwani ya Moto, na mkuu wake akawa Bwana Nassibu, mtu mpole, msafi, mpenda karatasi. Ngwali aliposikia mbiu ile alisema, "Amina." Maana siku ile angekuwapo mtu mmoja tu wa kuinama na kuchungulia tundu la hewa, Mize angerudi nyumbani.

Basi ikawa mwaka uliofuata birika kubwa la mji, lililokuwa likikusanya maji ya mvua, likafanya ufa. Birika huzibwa kwa chokaa, na chokaa haikuwapo tangu tanuu la Sultani lipasuke. Watu wakanywa maji ya visima vya mjini, yenye chumvi na uchafu, matumbo yakawasokota, na wengine wakazikwa. Mwanatumu, binti yake Ngwali, akapoteza mimba kwa maradhi hayo. Ngwali akaanza kumfuatia maji matamu huko Mtoni, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na magoti yake yalikuwa yameanza kumkana.

Akaona heri ajenge tanuu. Akalijenga dogo, mbali na nyumba za watu, kuta nene, matundu sita ya hewa. Kisha akaenda Diwani kuomba hati.

Mwaka wa kwanza Diwani ikataka vipimo vya tanuu. Akapeleka. Mwaka wa pili ikataka uzito wa moshi wake.

"Uzito wa moshi, Bwana Nassibu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, ndugu yangu."

"Nitaupima siku mtakayoniruhusu kuutoa."

Bwana Nassibu akaandika: *Mwombaji hajaleta.*

Mwaka wa tatu ikataka shahidi aliyeliona tanuu lile likiwaka siku saba bila kumdhuru mtu. Ngwali akauliza, "Naweza kuliwasha ili alione?" Akajibiwa, "Hasha! Bila hati?"

Na mwaka huo Mwanatumu alikuwa mjamzito tena, na masika yalikuwa yamebakiza wiki sita. Birika lisipozibwa kabla ya mvua, ungekuwa mwaka mwingine wa maji ya chumvi. Jioni moja Mwanatumu akamtazama baba yake anavyotua mtungi, akamwambia, "Baba, magoti yako hayatafika masika. Nitakunywa ya kisimani kama wenzangu."

"Hutakunywa, mwanangu."

Asubuhi yake Ngwali akaenda barazani, akapiga magoti mbele ya Sultani.

"Dumu daima, ee Bwana wangu. Sheria yako imekuwa kama mlango ambao ufunguo wake umefungiwa ndani."

"Ewe Ngwali," akasema Sultani, na uso wake ukakunjamana, "wewe kuliko wote! Mkeo hakufa kwa moto? Sheria yangu ni nyepesi. Hakuna mtu katika mji huu asiyeweza kuishi nayo, tangu mimi mwenyewe hata mchuuzi wa samli."

"Kama ni hivyo, Bwana, nifanye mzimaji wako kwa siku moja. Nizime kila moto mpya wa kazi usio na hati. Jua likichwa hajalalamika mtu, nitalivunja tanuu langu kwa nyundo yangu, nisiseme tena."

"Na akilalamika mtu?"

"Utakuja kulitazama tanuu langu. Sitaki zaidi."

Sultani akatabasamu. "Taibu. Wazee mmesikia. Kesho Ngwali ni mzimaji, na asimzuie mtu, awe nani."

Kesho yake watu walidhani atakwenda kwa wahunzi na waoka mikate. Hakwenda popote. Alikuja na mtungi wa maji, akaketi pembeni mwa baraza, karibu na meza ya katibu, akawa anavuta tasbihi.

"Mzimaji gani huyu?" wakamtania. "Au unangoja moto ukufuate?"

"Ukiwa na adabu utakuja," akajibu.

Ilipokaribia adhuhuri, Sultani akamaliza kuandika barua kwa mfalme wa nchi jirani, kukubali posa iliyoletwa kwa binti yake mwenyewe. Mjumbe alikuwa amekwisha simama, kilemba kichwani, anangoja muhuri. Katibu akasogeza seredani yenye makaa mekundu, akaweka juu yake kijiko cha lakiri, ile nta ya kupigia muhuri, ili iyeyuke. Ngwali akainuka pole pole, akasema "Bismillahi," akaumimina mtungi wote.

Chwaaa! Mvuke ukajaa baraza. Mjumbe akakimbilia mlangoni.

"Una wazimu?" Sultani akapiga kelele. "Umezima moto wangu!"

"Nimezima moto mpya wa kazi, Bwana. Seredani hii ililetwa mwezi uliopita, baada ya ile ya zamani kuvunjika. Au nasema uwongo, katibu?"

Katibu akaangalia vidole vyake vya miguu. "Ni kweli, Bwana."

"Basi iandikiwe hati! Sasa hivi!"

Bwana Nassibu akaandika upesi, jambo ambalo hakuna aliyepata kuliona. Akaleta karatasi mbele ya Sultani.

"Na muhuri?" akauliza Sultani.

"Lakiri imeganda, Bwana."

"Iyeyusheni."

"Kwa moto upi, Bwana?"

Sultani akaitazama seredani iliyolowa. Ngwali akainamisha kichwa kwa heshima kuu, akasema, "Labda Bwana Nassibu aanze na vipimo vya seredani."

"Ndivyo ilivyoandikwa," akasema Bwana Nassibu kwa mazoea.

"Na uzito wa moshi wake," mzee mmoja akadakia kutoka nyuma.

"Na shahidi wa siku saba!" akasema mwingine, na baraza zima likaangua kicheko. Sultani alijikaza, akajikaza, mwisho akacheka hata akashika mbavu. Ikawa katika kicheko kile uso wake ukabadilika.

"Nimelalamika mimi," akasema. "Umeshinda. Lakini niambie, Ngwali, na useme kweli. Wataka niiondoe sheria, watu wafe tena? Mimi ndiye niliyewaharakisha. Kila Jumanne nausikia mshindo ule."

"La, Bwana wangu. Mimi nimezika, siwezi kutaka hivyo. Moto uogopwe. Ila miaka mitatu Diwani imesoma karatasi zangu, na hakuna mtu aliyekuja kuinama akachungulia tundu. Hofu isiyokwenda kutazama haimlindi mtu, Bwana. Birika lina ufa, nasi tunazika pole pole, bila mshindo."

Sultani akachovya kidole gumba katika wino, akaikandamiza hati ya seredani. Hiyo ndiyo hati ya kwanza kutolewa na Diwani ya Moto. Kisha akaomba viatu vyake, akaenda kwa miguu hadi kwenye tanuu la Ngwali, na Bwana Nassibu nyuma yake akishika kanzu isiguse vumbi.

Sultani akapiga magoti, akatia mkono katika tundu moja baada ya jingine. Katika tundu la tano mkono ukakwama.

"Hapa pameziba," akasema.

Ngwali akainama, akaona. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo ndani yake, miaka ile ya kungoja. Ingekuwa amewasha kwa ubishi, bila mtu kutazama, Mungu ndiye ajuaye.

"Umeona?" Sultani akasema taratibu.

"Nimeona, Bwana. Alhamdulillahi kwamba umekuja."

Wakazibua tundu pamoja. Bwana Nassibu mwenyewe akaleta kijiti, akachafua kanzu yake, na ilisemekana kwamba tangu siku hiyo akawa haketi tena ofisini zaidi ya nusu siku. Hati ya tanuu ikapigwa muhuri jioni ile. Chokaa ikachomwa, birika likazibwa siku tisa kabla ya mvua ya kwanza, na Mwanatumu akajifungua salama, mtoto wa kike.

Sultani akamwita Ngwali, akamwambia, "Omba utakalo."

Ngwali akasema, "Bwana wangu, kila moto mpya utakaopewa hati katika mji huu, kabla haujawashwa, mwenye moto na mkaguzi wake wasimame pamoja, wawaombee wale saba. Sina haja nyingine."

Ikawa desturi Mwambakuu, nasi tuliosalia tunaisoma dua hiyo kama walivyoisoma wao: Ewe Mola, warehemu waliokufa kwa haraka yetu, na waliokufa kwa kuchelewa kwetu. Wapanulie makaburi yao, wanyweshe maji yasiyo na chumvi, na utukutanishe nao kwa rehema yako. Amina.