Kigoda cha Chifu Mngano

"Kigoda cha kuazima hakimalizi kesi!"

Bibi Navoneiwa alisema hivyo akiizima redio kwa hasira. Mheshimiwa mmoja alikuwa akiwaonya mahakimu wasisahau ni nani aliyewapa kazi. Sisi wajukuu, tuliokuwa tukimenya ndizi, tulimwuliza msemo huo umetoka wapi.

"Umezaliwa huku huku milimani," akasema, "na uliouzaa ni ubabe." Kisha akatusimulia.

Zamani, kila mwamuzi wa kijiji alikalia kigoda alichoazimwa na chifu. Hakuna aliyeona ubaya. Tena desturi ilikuwa kwamba hukumu hutolewa na aliyeketi. Aliyesimama, wazee walisema, tayari yuko njiani, na neno la mpita njia halimfungi mtu.

Mwamuzi wetu aliitwa Sempombe. Kiangazi kimoja, mjane aitwaye Nakijwa alileta mashtaka kwake. Chifu Mngano alikuwa ameuziba mfereji wa kijiji na kugeuza maji yote yaende kwenye migomba yake. Maharage ya Nakijwa yalikauka yakiwa bado na maua. Watoto wake walikuwa wakichimba mizizi porini, na migomba ya chifu inang'aa kama imetoka kuoga! Hebu fikirini.

Siku ya kesi watu walijaa uwanjani. Chifu hakuja. Sempombe alimsikiliza Nakijwa, akawasikiliza majirani, akaenda kuuona mfereji kwa macho yake, akarudi na kuketi. Alipofungua kinywa atoe hukumu, akatokea Kirita, mjumbe wa chifu.

"Chifu anataka kigoda chake," akasema. "Ana wageni."

"Wageni gani hao?" akafoka mama mmoja. "Nyumba ile ina vigoda kama uyoga!"

Sempombe akauliza kwa upole, "Je, chifu ana neno la kujibu mashtaka haya?"

"Neno lake ni hicho kigoda."

"Basi nimelisikia." Akainuka, akamkabidhi.

Watu wakaguna. Mwamuzi amesimama, kesi imekufa. Nakijwa akakimbia nyumbani, akarudi amebeba kinu chake, akakipindua mbele ya mzee.

"Kalia hiki, baba. Nakuomba. Watoto wangu watakufa."

"Hapana, mwanangu," akasema Sempombe. "Nikikalia kinu chako, kesho watasema kinu ndicho kilichohukumu."

Akatazama huku na huku. Kisha akakunja shuka lake jeupe, akaketi mavumbini.

Kirita akaangua kicheko. "Loo! Mwamuzi kakaa chini kama kuku!"

"Kuku naye hakuazima pa kukaa," Sempombe akajibu. "Sikilizeni hukumu. Maji ni ya kijiji kizima. Mfereji ufunguliwe leo, na maharage ya Nakijwa yalipwe kutoka ghala la chifu."

Watu hawakusubiri. Walipanda mlimani na majembe, wakauzibua mfereji, na chifu akabaki akitazama.

Alilipiza, bila shaka. Alimfukuza Sempombe kazini na kumkalisha mpwa wake kwenye kile kigoda. Lakini hakuna aliyepeleka kesi kwake. Nani apoteze muda? Watu walimfuata Sempombe palepale mavumbini. Hata chifu mwenyewe, alipogombana na ndugu zake juu ya mpaka wa shamba, ndugu walikataa katakata kuhukumiwa na kigoda chake. Ikambidi aende mavumbini kama wengine.

Hapo kijiji kikaamua kumjengea mwamuzi baraza la udongo la kukalia. Kila nyumba ilileta donge lake.

"Hata chifu?" tukauliza.

"Hata chifu. Lake lilikuwa kubwa kuliko yote."

Mdogo wetu Senkondo alikunja uso. "Lakini Bibi, hakimu wa leo si analipwa mshahara na serikali? Hicho si kigoda cha kuazima?"

Bibi akaiweka ndizi chini.

"Mshahara ule unatokana na kodi, mjukuu wangu. Ni udongo wa kila nyumba, wako na wangu, na wa huyo bwana wa redioni. Sasa niambie: baraza likishakauka, nani ana haki ya kuchomoa donge lake kwa sababu hukumu haikumpendeza?"

 Senkondo akanyoosha kidole kwenye redio iliyozimwa.

"Kumbe yule anataka kigoda chake!"

"Ndiyo," akasema Bibi. "Na kigoda cha kuazima hakimalizi kesi."