Sultani Samatari na Visima Viwili

Imesimuliwa na waliotutangulia, na Allah ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika nchi ya Wasomali, zama zile Wafaranji walipokuwa wakigombania pwani za watu kana kwamba hazina wenyewe, alikuwako sultani mcha Mungu aitwaye Samatari bin Shirwa, Allah amrehemu. Mji wake ulikuwa na visima viwili. Kimoja kilikuwa na maji matamu, cha watu. Cha pili kilikuwa na maji ya chumvi, cha ngamia, na ajabu ya Mola ni kwamba ngamia huyapenda hayo kuliko matamu.

Siku moja ikatia nanga manowari, na nahodha wake akashuka na mkalimani, akataka jambo moja tu: aonyeshwe kisima wanachonywea watu wa mji. Kila mtu alijua maana yake. Maji yakimpendeza, askari watapiga kambi. Na wakipiga kambi, kiangazi kikija wenyeji watakufa kwa kiu.

Waziri Guledi akamnong'oneza Sultani, "Bwana wangu, mpeleke kile cha ngamia. Akionja tu atatema, aende zake."

Haya, tusimfanye Sultani malaika. Shauri lile lilimwingia, hata akaamuru ngamia waondolewe pale wasije wakafichua siri. Kisha akaenda kuswali Adhuhuri. Aliposimama mbele ya Mola wake haya ikamshika, maana asubuhi ile ile aliwaamua wachungaji wawili waliogombea zamu ya kunywesha, na mmoja alimwadhibu kwa kusema uongo. Alipotoa salamu akasema, "Guledi, warudishe ngamia."

"Bwana wangu, utatuua!"

"Mauti yetu yako mikononi mwa Allah. Uongo huu ungekuwa mikononi mwangu."

Akampeleka nahodha kwenye maji matamu. Mfaranji akanywa taratibu, na Sultani akamtazama kwa udadisi, kwani hakuonyesha mshangao wowote.

"Anauliza," akasema mkalimani, "je, yanatosha askari mia?"

"Masika yanatosha," akajibu Sultani. "Kiangazi sisi wenyewe huhama, tukawaachia wazee na wanawake wenye watoto wachanga. Askari wake wakikaa, watanywa maji ya hao, kisha na wao watakufa."

Nahodha akacheka. Mkalimani akafasiri: "Anasema mabaharia wake walishateka maji hapa kwa siri alfajiri. Maji alikuwa akiyajua, ila nyinyi ndio hakuwa akiwajua. Lau ungempeleka kwingine, neno lako hili la kiangazi asingelisadiki."

Manowari ikang'oa nanga. Msidhani nahodha yule alikuwa mtu mwema. Alikwenda kutafuta pwani ya wengine. Lakini kiangazi kile wazee wa mji ule walikunywa.

Guledi alipokuja kumpongeza bwana wake, alimkuta analia. "Si tumeokoka, bwana wangu?"

"Tumeokoka, alhamdulillahi. Nalilia jinsi nilivyokaribia kudanganya."

Ndugu zangu, kisa hiki hunistaajabisha kila nikikikumbuka. Mja yule alitahiniwa na mtu asiyejua hata kibla kiko wapi, wala Sultani mwenyewe hakujua kwamba yumo mtihanini. Allah atujaalie kusema kweli hata pale tunapodhani hakuna anayeijua.