Jina Moja Ubavuni mwa Ndege

Sogeeni mnisikie, na mtu asikimbilie kujibu kabla sijamaliza, maana kesi hii imeshawagombanisha watu wenye akili zao.

Palikuwa na wanawake watatu wa boma moja, katika nchi kavu iliyo nyuma ya milima, ambako mvua huonekana kwa mbali ikiwanyeshea wengine. Wa kwanza ni Nakijwa, binti mkubwa wa nyumba ile. Alijaliwa mkono: akichomeka kijiti ardhini, kinachipua. Wa pili ni Shamimu, mke wa kaka yao Kiondo, kwa hiyo ni wifi yao. Alijaliwa pua: alikaanga maandazi sokoni, na kwa kunusa tu alijua mafuta ya jirani yamechoka. Wa tatu ni Mkunde, kitinda mimba. Alijaliwa ulimi, na huo sina haja ya kuueleza, mtausikia wenyewe.

Sasa, serikali ya nchi hiyo ilitunga sheria. Kila ndege itakayoruka ichanganye kwenye tangi lake mafuta yaliyotokana na mimea, ili moshi wake upungue madhara. Kuwatia watu moyo, kodi ikaondolewa kwenye mashine za kukamulia, na kila wilaya ikaahidiwa heshima moja: mzalishaji wa kwanza ataandikwa jina ubavuni mwa ndege, na yeye peke yake ndiye atakayeruhusiwa kuuza mafuta kiwanja cha ndege kutoka wilaya ile. Wengine wote watamuuzia yeye. Masharti yalikuwa mawili. Mbegu zisitoke kwenye ardhi ya chakula. Na mafuta yawe safi.

Nakijwa alikuwa wa kwanza kusikia, akaenda moja kwa moja kwenye kaburi la mama yao. Lilikuwa na uzio wa mibono. Nasema mibono, si mibarika, watu huichanganya. Ni ule mti usioliwa na mbuzi, unaoitwa mbono kaburi kwa sababu hupandwa makaburini, na watu wa kwao hawachumi kitu kaburini. Nakijwa akalimwagia kaburi maji, akapiga goti, akasema, "Mama, naazima." Akakata matawi. Majirani wakamwona amerukwa na akili, na Kiondo akaacha kumsalimia. Akayachomeka korongoni, penye mawe na mmomonyoko, mahali ambapo hata mtama haujawahi kuonja udongo. Korongo zima likawa kijani. Bila Nakijwa, hapangekuwa na punje ya kukamua.

Shamimu akakamua. Pipa la kwanza lilirudishwa kutoka kiwandani yanakopimwa mafuta ya ndege: mafuta mazito, yana utando, yangeganda huko juu kwenye baridi. Watu wakataka kuyamwaga. Shamimu akainama juu ya pipa, akanusa. "Haya hayajaharibika," akasema. "Ni machafu tu." Akayaosha kwa maji ya moto yaliyochujwa kwenye majivu, akayaacha yatulie, akakinga ya juu, akaosha tena. Mbono una sumu. Alitapika, na mkono wake wa kulia ukaungua hadi kiwiko. Pipa la pili lilitoka safi, unaona mpaka chini. Bila Shamimu, pangekuwa na uji wa njano usiotakiwa na mtu.

Halafu akaja mkaguzi, Bwana Malekela, mtu wa kutazama chini anapotembea. Katikati ya mibono akaona mmea unatambaa, una tunda la mviringo.

"Hili ni tikiti," akasema. "Tikiti ni chakula. Kwa hiyo hapa ni shamba la chakula. Nawafuta."

Shamimu akaanza kulia.

"Shikamoo, bwana mkaguzi," Mkunde akasema, kana kwamba ndiyo kwanza amemwona. "Umeshakula tangu asubuhi?"

"Marahaba. Bado."

"Basi karibu." Akalipasua tunda, akamkatia kipande kinono.

Mkaguzi akatafuna mara moja, akatema, akatema tena, machozi yakamtoka. Lilikuwa tikiti la porini, chungu kama nyongo.

"Haya, andika hapo," Mkunde akamwambia. "Ni chakula cha nani?"

Mkaguzi akacheka huku akifuta mdomo, akapitisha. Na bila Mkunde, korongo lingebaki korongo na pipa lingebaki pipa.

Hadi hapo walikuwa wakila sahani moja. Kilichowatenganisha ni neno. Bwana Malekela alipiga simu akasema ndege iko tayari kupakwa rangi, wamtajie mzalishaji. Mmoja. Sheria iliwekwa hivyo kuwakimbiza madalali waliojiandikisha kwa majina kumi.

"Mzalishaji ni mimi," Nakijwa akasema. "Ile mibono nimeizaa mimi."

"Aliyezaa anaitwa mzazi, wifi," Shamimu akamjibu. "Mzalishaji ni mkunga. Ni yule anayesimama na maji ya moto mpaka kitu kitoke. Nani alisimama na maji ya moto?" Akanyanyua mkono wenye kovu.

"Tangu lini mkunga akaondoka na mtoto?"

Mkunde akaangua kicheko. "Zaeni, zalishaneni. Mtoto alikuwa ameshafutwa! Aliyemrudisha duniani ni nani?"

"Wewe kazi yako ilikuwa kulisha mtu tikiti," Nakijwa akamwambia.

"Na yako, dada, ilikuwa kukata uzio wa mama."

"Niliazima!"

"Uliazima," Shamimu akadakia, taratibu. "Umerudisha lini?"

Tangu siku ile hawakusemezana. Nakijwa alifunga njia ya korongoni kwa miiba. Shamimu alificha mpini wa mashine. Mkunde akawa hapokei simu mbele ya watu. Jiko moja likawa linachemsha mabirika matatu ya chai, na kila mmoja alikuwa akichungulia la mwenzake kama limewekwa tangawizi. Usingizini kila mmoja aliiona ndege ikipita juu ya boma ikiwa na jina la mwingine, na yeye yuko chini, na gunia kichwani, anakwenda kumuuzia.

Kiondo aliombwa aamue. Yeye ni mume wa mmoja na kaka wa wawili. Akakumbuka kwamba mbuzi hawajanyweshwa, ingawa walikuwa wameshanyweshwa.

Najua kuna mtu hapa anataka kusema wafanye kikundi. Walijaribu. Kikundi kinataka mwenyekiti.

Wakiendelea kunyamaza, heshima itakwenda wilaya jirani, na wote watatu watabeba magunia. Basi kila mmoja, bila wenzake kujua, akampigia Bwana Malekela na kumtajia jina. Mnajua kila mmoja alitaja la nani. Sasa mkaguzi ana majina matatu, na yote ni ya kweli. Mimi nimeyapima kwa haki yote niliyonayo, lakini kila ninapolikaribia moja naliona korongo, au kovu, au lile tunda chungu, narudi nyuma.

Mchoraji ameshapanda ngazi. Rangi nyeupe imeanza kuganda kwenye brashi, na ubavuni mwa ndege pana nafasi ya jina moja. Anatazama chini, anakungoja wewe. Utamwambia aandike nani?