Batuli na Sinia la Mgonjwa

Enzi za Mdachi, nyumba ya Alimasi, muuza mawese wa Rumonge, mji wa kando ya ziwa, haikukosa wageni. Dada yake, Batuli, alikuwa bingwa wa kupika mukeke, samaki wa ziwa letu. Harufu ya mchuzi wake iliwavuta watu kama sumaku ivutavyo sindano. Kila adhuhuri Maneno, rafiki wa Alimasi, na wenzake walilizunguka sinia lake.

"Sisi na wewe ni chanda na pete," Maneno alisema siku moja, shavu limemvimba kwa tonge. "Ukifa, tutazikwa kaburi moja!"

"Meza kwanza, kaka Maneno," Batuli alijibu kutoka jikoni. "Kaburi halina haraka."

Wote wakacheka.

Haukupita muda, Alimasi akashikwa na malale. Alisinzia katikati ya mazungumzo, shingo ikamvimba, akapelekwa kambi ya wagonjwa. Siku hizo watu wa mji waliamini kwamba malale huambukizwa kwa mate, kwa kula sinia moja. Marafiki wakatoweka kama maji mchangani.

Kambini Alimasi alichomwa sindano, lakini chakula alikikataa. Tangu azaliwe hakuwahi kula peke yake. Kuwekewa sahani yake pembeni, kama mbwa, kulimuuma kuliko ugonjwa. Akageukia ukuta.

"Dawa haisaidii tumbo tupu," mwuguzi alimwambia Batuli. "Asipokula, jiandaeni kwa msiba."

Kesho yake Batuli alisonga ugali wa muhogo, akapika sombe, yaani majani ya muhogo, na mukeke kwa mawese, akajitwika sinia na kupita katikati ya soko, shingo imenyooka. Maneno akamwona.

"Dada, mwachie chakula mlangoni! Ukila naye utakufa!"

"Basi nitakufa nimeshiba," Batuli akajibu, bila kusimama.

Alipofika alitenga sinia mkekani, akaketi mkabala na kaka yake. Mila haikuzoea mwanamke kula sinia moja na mwanamume, lakini siku hiyo mila ilingoja nje.

"Ondoka, Batuli," Alimasi alinong'ona. "Mate yangu ni sumu."

"Mate yako? Nilipokuwa sina meno, ni nani aliyenitafunia ugali? Mate yako ndiyo yaliyonikuza, kaka. Kula, mchuzi unapoa."

Akamega tonge, akalichovya, akala. Alimasi alimtazama, machozi yakimtiririka. Kisha akanyoosha mkono.

Tangu hapo walikula pamoja kila siku. Batuli hakuugua, na Alimasi akarudiwa na nguvu. Sindano sasa zikapata mwili wa kuufanyia kazi. Msimu ulipogeuka alirejea Rumonge kwa miguu yake, mkono begani kwa dada yake. Sokoni Maneno alimkimbilia, akacheka kwa aibu.

"Ndugu yangu! Umepona kwa dawa gani?"

"Sindano zilikuwa za Mdachi," Alimasi alisema kwa sauti iliyosikika soko zima. "Lakini aliyenirudisha duniani ni huyu, aliyekubali kufa nami."

Maneno akainamisha kichwa. Hakuna aliyembishia Alimasi, kwa maana wahenga walikwisha kuamua: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.